REDIO YA SW: KABLA HUJATOA HELA, SIKILIZA KWANZA



Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwa nyumbani Nkoma, wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu (wazee bado wanasema Bariadi). Simu ikageuka tochi. Kila mtu alikuwa na tetesi na hakuna aliyekuwa na habari. Na haikuwa mara ya kwanza kukwama: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukawa wa kuombea dua.

Hapo ndipo nilipokumbuka redio ya mzee, ile National ya betri kubwa za tochi. Utotoni nilikuwa mgonjwa wa masafa mafupi kwelikweli. Nilikuwa na daftari la stesheni, naandika saa, masafa na usikivu, kisha natuma barua hadi nje ya nchi kusubiri kadi ya QSL ya kuthibitisha kwamba kweli nimewasikia. Simu yenye intaneti ilipoingia, daftari likaishia jikoni kuwashia moto.

Basi bwana, Novemba nikaenda mjini nikanunua redio inayong'aa. Ina SW1 hadi SW8, taa, tundu la flashi, kila kitu. Usiku nikaiwasha ndani: mngurumo mtupu, kama mashine ya kusaga. Nikajua nimepigwa.

Kesho yake, kwa hasira tu, nikatoka nayo hadi shambani, kama hatua mia kutoka nyumbani. Redio ile ile ikaanza kuongea! BBC kwa Kiingereza, mbele kidogo Kiarabu, halafu Kichina. Siku ile nilijifunza jambo ambalo hakuna muuza duka atakayekwambia: unachagua redio kwa kuangalia mahali utakaposikilizia. Idadi ya vitufe haikusaidii. Haya, twende taratibu.

1. REDIO YA MZEE HAIKUWA NA UCHAWI

Sisi tunaorudi tunalinganisha redio za leo na ile ya utotoni, halafu tunalalamika. Lakini zamani mitambo ilikuwa jirani. Deutsche Welle walikuwa na kituo cha kurushia matangazo Kigali, hapo Rwanda tu, kikafungwa Machi 2015. BBC walikuwa na mitambo Shelisheli iliyoelekezwa kwetu Afrika Mashariki, ikafungwa Machi 2014. Sauti ya Amerika (VOA) nayo ilivurugika Machi 2025, wafanyakazi wake karibu wote walipowekwa likizo ya lazima. Kwa hiyo stesheni zimepungua, na nyingi zilizobaki zinatoka mbali zaidi. BBC ya Kiingereza, kwa mfano, inarushwa pia kutoka kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki.

Ukinunua redio leo ukitegemea bendi zijae Kiswahili kama mwaka 1995, utaumia. Ukijua hilo mapema, utafurahia kinachosikika.

2. ADUI YUPO NDANI YA NYUMBA

Zamani nyumba ya kijijini ilikuwa na kibatari, na kibatari hakipigi kelele redioni. Leo tuna balbu za LED, chaja za simu, inveta na kontrola za sola. Vifaa hivi, hasa vya bei poa, hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unarusha uchafu kwenye masafa mafupi.

Dawa yake ni bure. Washa redio ya betri, tafuta sehemu yenye mngurumo, halafu zima kifaa kimoja kimoja. Kwangu mchawi alikuwa kontrola ya sola, akisaidiwa na balbu moja ya sebuleni. Sasa nikitaka kusikiliza nachomoa waya wa sola, nazima balbu, kimya kinarudi. Wa mjini mna kazi zaidi, maana kelele ya jirani huwezi kuizima. Panda juu ya paa kama lipo la kupandika, au nenda uwanja wa mpira. Mtu wa Nkoma kwa hili ana bahati kuliko mtu wa Kariakoo.

3. MCHANA NA USIKU NI VITU VIWILI

Mawimbi ya SW hufika mbali kwa sababu yanarudishwa chini na tabaka la juu la anga linaloitwa ayonosfia. Mchana jua hutengeneza tabaka jingine chini yake, ambalo hunyonya masafa ya chini. Usiku tabaka hilo hutoweka. Kwa hiyo mchana jaribu mita bendi ya 19 (kilohezi 15100 hadi 15800) na ya 16 (17480 hadi 17900). Kuanzia jioni shuka kwenye ya 31 (9400 hadi 9900) na ya 49 (5900 hadi 6200).

Ndiyo maana kujaribu redio saa saba mchana, ndani ya duka lenye taa kumi, ni kujidanganya. Mwambie muuzaji utoke nayo nje, na ukiweza nenda jioni. Akikataa, hama duka.

4. SASA TUJE KWENYE REDIO YENYEWE

Angalia mambo manne.

(a) Namba za digitali. Stesheni za SW zimepangwa kila baada ya kilohezi 5. Kwa mshale wa kuzungusha utabahatisha tu. Kwa namba unaandika 9410 na unafika.

(b) Kutenganisha stesheni. Redio nyingi rahisi za mshale zina tatizo la kivuli: stesheni moja yenye nguvu inatokea mara mbili, mara ya pili kilohezi 910 chini ya mahali pake. Mfano, iliyopo 9600 unaisikia tena kwenye 8690. Ukikuta hivyo, hata SW ziwe nane, nyingine ni mizimu. Redio nzuri pia inakuruhusu kupunguza upana wa masafa unayopokea ili jirani asiingilie.

(c) Betri. Wengi tunasahau hili. Uliza: betri ikifa, nitaipata Nkoma? Tecsun PL-330 inatumia BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za vitochi, ambayo hata gulioni huikosi. XHDATA D-808 inatumia 18650, zile za kwenye tochi za kuchaji na pawabenki. Tecsun PL-660 inatumia betri nne ndogo za AA, duka lolote zipo. Zote tatu zina namba za digitali na tundu la antena ya nje.

(d) SSB. Hii ni ya kuwasikia watu wa redio ya ridhaa wanaoongea wao kwa wao. Wa Tanzania alama zao za wito huanza na 5H. Kwa habari na muziki huihitaji. Ila kama ugonjwa wako ni kama wangu, ongeza hela kidogo uipate, maana baadaye huwezi kuiongezea. Zote tatu nilizotaja zinayo.

Vipi za mtumba? Sony ICF-SW7600GR bado inasifika sana, lakini haitengenezwi tena, na ikipata hitilafu si kila fundi ataiweza. Redio ya zamani ya mshale fundi wa kijijini anaifufua. Nyingi ya hizi mpya kazi kubwa inafanywa na chipu moja, ikiungua ndiyo basi.

5. WAYA KABLA YA REDIO YA BEI MBAYA

Kabla hujaongeza bajeti, chukua waya wa shaba wa mita 8 hadi 10, funga mwisho mmoja kwenye mwarobaini mbali na nyumba, mwingine ushikize kwenye antena ya redio. Tofauti utaisikia mwenyewe. Usiweke mita 50 ukidhani ndiyo ujanja, redio ndogo hulemewa na stesheni zikapandana. Na radi za Kanda ya Ziwa mnazijua: mawingu yakikusanyika, chomoa waya na uutupe nje. Hakuna habari inayostahili kufa kwa ajili yake.

6. KAZI YA KUFANYA HAPO HAPO INTANETI KAFE

Kwanza, tafuta WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Ni redio halisi ya SW unayoizungusha kwa kipanya, bure, tangu mwaka 2008. Inasikia ya Uholanzi, siyo ya Simiyu, lakini itakufundisha sauti ya bendi na SSB kabla hujatoa senti.

Pili, tafuta orodha ya EiBi, nayo ni bure. Chapisha kurasa zenye Kiswahili na Kiingereza, uondoke nazo. Ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo karatasi ya zamani itakupoteza. Saa zake ni za UTC. Njia ya mkato: toa 3, unapata saa yetu ya Kiswahili. Ikizidi 12, toa 12. UTC 17, toa 3 ni 14, toa 12 ni saa 2 usiku. Umemaliza.

Mimi mwishowe nilichukua PL-330, kwa sababu ya ile betri tu. Ile inayong'aa nimempa mdogo wangu, anaipeleka machungani, na huko hakuna LED, inaimba vizuri.

Sisemi redio inashinda intaneti. Hata makala hii unaisoma kwenye intaneti. Ila intaneti ina swichi, na swichi iko mikononi mwa mtu mwingine. Redio ya SW yenye betri na waya juu ya mti, swichi yake unaishika wewe. Jifunze kuitumia wakati mtandao upo, usisubiri siku ukizimwa.

Naomba kuwasilisha. Mwenye redio ya mzee darini aishushe, aseme imeshika nini. Tuko pamoja.