Je, Wajua? Diski ya Karatasi Inayowaumbua Bakteria Sugu

Ina upana wa milimita 6 tu; kitufe cha shati kinaizidi. Ni karatasi nene ya kuchujia iliyokatwa mviringo, ikaloweshwa antibiotiki ya kiasi maalumu, ikakaushwa, kisha ikachapwa alama ya dawa iliyoibeba. CIP 5 ni siprofloksasini mikrogramu 5. CN 10 ni jentamaisini mikrogramu 10. Katika maabara za hospitali huitwa diski, na huja zimepangwa 50 katika kichupa kimoja chembamba. Kazi yake ni kumjibu daktari swali moja: bakteria wanaomsumbua mgonjwa huyu watazuiwa na dawa hii, au wamekwisha kuwa sugu?

Tuseme mgonjwa amefanyiwa upasuaji, na siku chache baadaye kidonda kinatunga usaha. Sampuli hupelekwa maabara na kuoteshwa. Kesho yake bakteria huwa wamezaana hata kuonekana kwa macho, kila kundi likiwa nukta juu ya sahani ya Petri. Mtaalamu wa maabara hutambua ni aina gani, kisha huchota nukta chache na kuzikoroga katika maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, yaani bakteria takriban milioni 150 katika kila mililita. Huchovya kijiti cha pamba, hupaka sahani mpya mara tatu huku akiizungusha ili pasibaki pengo, na ndani ya dakika 15 hupanga diski zake juu. Sahani hugeuzwa kifudifudi na kuwekwa kwenye inkubeta yenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18.

Usiku huo dawa hutoka katika diski na kusambaa pande zote, makali yake yakipungua kadiri inavyokwenda mbali. Bakteria nao wanazaana. Asubuhi sahani nzima imetanda utando wao, isipokuwa pale ambapo dawa iliwawahi; hapo pamebaki duara tupu. Mtaalamu huchukua rula na kupima kipenyo chake.

Usidhani kwamba dawa yenye duara kubwa ndiyo kali zaidi. Molekuli za dawa moja husambaa upesi, za nyingine hujikokota. Kwa hiyo kila dawa, kwa kila aina ya bakteria, imewekewa milimita zake za mpaka, na mipaka hiyo hutolewa upya kila mwaka na taasisi mbili zinazofuatwa zaidi duniani: CLSI ya Marekani na EUCAST ya Ulaya. Chukua mfano wa Staphylococcus aureus, bakteria anayependa sana vidonda vya upasuaji. Hupimwa kwa diski ya sefoksitini mikrogramu 30. Kwa mujibu wa CLSI, duara likiwa na milimita 22 au zaidi, bado anatibika kwa dawa za jamii ya methisilini. Likiwa na milimita 21 au pungufu, huyo ni MRSA, bakteria sugu aliyeripotiwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1961. Milimita moja inatosha kubadili matibabu. Na sefoksitini yenyewe haikuwekwa pale ili mgonjwa apewe. Imewekwa kwa sababu inamfichua MRSA vizuri kuliko dawa za jamii ya methisilini zenyewe.

Diski isingeweza kusema lolote bila chakula cha bakteria kilicho chini yake. Mwaka 1881, Fanny Hesse, ambaye mumewe alifanya kazi katika maabara ya Robert Koch huko Ujerumani, alishauri chakula hicho kigandishwe kwa agari, utomvu wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni kugandisha vyakula vitamu. Jelatini waliyokuwa nayo iliyeyuka kwenye joto, na baadhi ya bakteria waliila. Agari haina matatizo hayo. Mwaka 1941, John Howard Mueller na Jane Hinton wa Chuo Kikuu cha Harvard waliunda mchanganyiko wa dondoo ya nyama ya ng'ombe, kaseini iliyovunjwavunjwa, wanga na agari. Hinton, mwanamke Mmarekani mweusi, alikuja kuhitimu udaktari wa mifugo mwaka 1949, na jina lake bado limo katika maabara za dunia nzima: agari ya Mueller-Hinton ndiyo inayotumika kwa kipimo hiki mpaka leo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kila maabara ilipima kwa namna yake, na majibu yakapishana. Mwaka 1966, Alfred Bauer, William Kirby na wenzao wa Seattle, Marekani, walichapisha utaratibu mmoja wa kufuatwa na wote. Ndiyo sababu masharti ni mengi. Agari iwe na kina cha milimita 4, kwa maana ikizidi, duara husinyaa. Diski zitunzwe kwenye baridi na ukavu. Zikiingia unyevu, dawa hupoteza nguvu na bakteria asiye na hatia huandikwa kuwa sugu. Na mara kwa mara maabara hupima bakteria ambaye majibu yake yanajulikana, kama E. coli wa namba ATCC 25922, ili kujua kama kipimo chenyewe kinasema kweli.

Ustadi wa diski huonekana zaidi zinapowekwa jirani. Weka erithromaisini karibu na klindamaisini juu ya Staphylococcus. Duara la klindamaisini likibonyea upande mmoja na kuwa na umbo la herufi D, bakteria huyo ana usugu uliojificha, unaoamka anapoguswa na erithromaisini. Klindamaisini ikipimwa peke yake ingeonekana inafaa, kisha ikamwangusha mgonjwa katikati ya matibabu. Kwa Klebsiella na E. coli, diski ya seftazidimu hulinganishwa na nyingine iliyoongezwa asidi ya klavulaniki. Duara la pili likizidi la kwanza kwa milimita 5 au zaidi, bakteria anatengeneza ESBL, kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi za jamii ya sefalosporini.

Wapo wanaovunja hata karbapenemu, dawa zinazowekwa akiba kwa wagonjwa mahututi. Hapa diski hutumika kama chambo. Diski ya meropenemu, mojawapo ya dawa hizo, hutumbukizwa kwa saa 4 katika kimiminika chenye bakteria wanaoshukiwa, kisha huwekwa juu ya sahani ya E. coli wasio na usugu. Hao wakiota mpaka ukingoni mwa diski, dawa imekwisha kuvunjwa.

Diski ina mipaka yake. Antibiotiki iitwayo kolistini ina molekuli kubwa isiyosambaa vizuri katika agari, kwa hiyo hupimwa kwa njia nyingine. Jibu nalo huchukua siku mbili au zaidi, ilhali mashine ya kutambua jeni, kama GeneXpert, hutoa jibu kwa saa chache. Lakini mashine hiyo huona jeni ilizotengenezewa kuzitafuta tu. Diski huonyesha bakteria anafanya nini mbele ya dawa, hata kama mbinu yake bado haijulikani.

Jibu hilo lina uzito gani? Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa watoto 1,828 uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi (ndilo la kina E. coli na Klebsiella) katika damu walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya wale wa malaria, asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria alikuwa sugu kwake kulihusishwa na kifo. Duniani, inakadiriwa kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019. Lakini mradi wa MAAP, uliochunguza nchi 14 za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulitangaza mwaka 2022 kwamba kati ya maabara takriban 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria.

Ukiwa na mgonjwa wodini ambaye kidonda hakiponi au homa haishuki, muulize daktari kwa heshima kama sampuli imepelekwa kuoteshwa. Wakati mzuri wa kuichukua ni kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, kwa sababu dawa ikishaingia mwilini huenda bakteria wasiote, na diski haina la kusema juu ya sahani tupu.