Alizeti ya Singida: magunia peke yake hayapimi afya ya shamba

Msimu wa mavuno ukifika Singida, swali la kwanza kwa mkulima wa alizeti ni hili: ekari imetoa magunia mangapi? Ni swali la haki, maana gunia ndilo linalolipa ada na kununua chakula. Lakini halituambii kama shamba hilohilo bado litazaa pale wajukuu watakapolirithi. Mwenye duka anayehesabu mauzo bila kukagua bidhaa zilizobaki hufilisika huku akidhani anapata faida.

Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na sehemu nyingi udongo wake ni wa kichanga, usioshika maji wala rutuba kwa muda mrefu. Hapa kilimo kinachochosha ardhi hakichelewi kuonyesha madhara. Ndiyo maana tunahitaji vipimo.

Kipimo cha kwanza ni mizania ya virutubisho: nini kimetoka shambani, nini kimerudi. Tani moja ya mbegu za alizeti huondoka na naitrojeni ya takriban kilo 25 hadi 30. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 tu. Mwaka 1990 watafiti Stoorvogel na Smaling walitoa hesabu ya namna hii kwa nchi 38 za Afrika kusini mwa Sahara, wakakadiria kuwa kila hekta inapoteza wastani wa kilo 22 za naitrojeni kwa mwaka.

Naitrojeni inayotoka na mbegu za alizeti haiendi na mafuta. Mafuta yameundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, ambazo mmea huzipata hewani na majini. Mbegu inapokamuliwa, rutuba ya shamba hubaki kwenye mashudu. Mashudu yakiliwa na ng'ombe na kuku wa kijijini, kisha samadi ikarudishwa shambani, sehemu kubwa ya deni hulipwa. Yakipakiwa kwenye malori kwenda mbali, rutuba ya Singida imesafiri nayo. Mabua nayo yana potasiamu nyingi. Yakichomwa, naitrojeni yake hupotea na moshi, na majivu yenye potasiamu hiyo huchukuliwa na upepo.

Kipimo cha pili ni udongo wenyewe. Chomeka vigingi shambani kabla ya mvua, weka alama usawa wa ardhi, kisha pima tena baada ya masika. Udongo wa unene wa milimita 1 ukisombwa kwenye ekari moja, zimepotea takriban tani 5. Hasara hiyo jicho haliioni, kigingi kinaionyesha.

Cha tatu ni kaboni ya udongo, inayopimwa maabara kwa sampuli za tabaka la juu. Ikipungua mwaka hadi mwaka, udongo unapoteza uwezo wa kushika maji, na mkulima huumia mvua inapokatika katikati ya msimu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) limekusanya mambo haya katika kiashiria 2.4.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, chenye vipengele 11, vikiwemo hali ya udongo, maji, matumizi ya mbolea na viuatilifu, bioanuwai, pamoja na kipato, usalama wa chakula na haki ya ardhi. Kila kipengele hupewa kijani, njano au nyekundu. Mavuno mazuri hayafuti alama nyekundu ya udongo, wala udongo mzuri haufuti njaa ya aliyeulima.

Singida haina haja ya kusubiri mitambo ya gharama. Ofisa ugani anapoandika magunia yaliyovunwa, aandike pia mikokoteni ya samadi iliyoingia, mabua yalikoishia, mashudu yalikouzwa na kigingi kinavyosoma. Halmashauri zikitunza kumbukumbu hizo kwa miaka mitano mfululizo, zitajua ni vijiji gani vinalima kwa faida na vipi vinakula mtaji wa ardhi yao. Msaada upelekwe huko kwanza.