Muhula Uliomalizika Karibu na Noeli

Mwaka 2021 shule za Kenya hazikufungwa Novemba kama ilivyo desturi. Ugonjwa wa Korona uliivuruga kalenda, hata muhula wa pili ukamalizika Desemba 23, siku mbili tu kabla ya Noeli.

Huko Mwingi, katika Kitui, muhula huo ulikuwa na msiba. Jumamosi, Desemba 4, basi la Seminari ya Mtakatifu Yosefu lilikuwa limewachukua wanakwaya na waumini wengine kwenda arusini Nuu. Katika mto Enziu maji yalikuwa yamefunika daraja, yakalizoa basi. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Wenyeji wa Kitui na Makueni waijua sana mito hiyo. Miezi mingi ni mchanga mtupu. Kina mama huchimba maji humo, nao watoto huivuka kwa miguu waendapo shuleni. Kisha mvua hunyesha mbali, na mto hujaa ghafula, pengine hapo ulipo halijadondoka hata tone. Lakini ni vigumu kuilaani mvua hiyo, maana ndiyo ikuzayo kunde na ndengu, na ndengu ndizo karo.

Mapema Januari 2022 wanafunzi walirudi madarasani.