Kifaranga Asiyekula Si Mvivu

Bwana Mkulima, na wewe Bibi uliyeleta kasha la vifaranga wa siku moja, huenda umeyaona haya. Siku ya kwanza wote ni wazima. Siku ya nne wanaanza kufa, na jirani anasema ni ugonjwa. Kabla ya kununua dawa, mpapase aliyekufa chini ya shingo, penye kifuko cha chakula. Kifuko kikiwa kitupu, huenda huyo amekufa kwa njaa, na chakula kilikuwa mbele yake.

Sababu iko kichwani. Upande wa chini wa ubongo pana sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo itoayo amri ya kula na amri ya kuacha. Kifaranga akishikwa na baridi au hofu, amri ya kula huzimwa: hujikunyata, hulia, wala hali. Usidhani njaa itamfundisha. Mwaka 2001 wataalamu wa Japani walitia katika ubongo wa vifaranga wachanga kitu kiitwacho ghrelini, ambacho kwetu sisi watu huamsha njaa. Vifaranga wakapunguza kula! Basi usimpime kuku kwa tumbo lako.

Siku za kwanza huishi kwa mabaki ya kiini cha yai yaliyomo tumboni mwake, ndiyo maana hustahimili safari kutoka Nairobi. Akiba hiyo huisha kwa siku tatu hivi.

Hapa Machakos hatari huzidi kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unaposhuka milima ya Iveti. Washa jiko la makaa kabla hawajafika, na uache pa kutokea moshi. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35. Kama huna kipimo, watazame: wakirundikana wana baridi, wakikimbia jiko na kuhema, joto limezidi. Wape maji ya uvuguvugu. Mwaga chakula kidogo juu ya gazeti (hata hili, ukiisha kulisoma), kisha gonga-gonga kwa kidole kama mama yao anavyodonoa. Mmoja akianza, wenzake humwiga.

Usiku ule wa kwanza, papasa vifuko vya vifaranga kumi. Kikiwa laini kama uji, vema. Kikiwa kigumu, maji yamepungua. Wenye vifuko vitupu wakiwa zaidi ya mmoja au wawili, ongeza moto, acha taa ikiwaka, na uwasogeze penye chakula usiku uo huo.