Mazoezi ya kurudia-rudia yaweza kukuhadaa

Huenda umewahi kumtazama mwanao akipiga mikwaju 30 ya penalti kutoka mahali pamoja, na kumi ya mwisho yote ikatinga wavuni. Ukarudi nyumbani umeridhika. Jumamosi, kwenye mechi, mtoto yuyo huyo akapaisha mpira juu ya mtambaa wa panya. Mzazi mmoja alimleta kijana wake wa miaka 13 kwenye kliniki yangu akitaka apimwe macho na damu kwa sababu hiyo tu. Kijana alikuwa mzima. Kilichougua ni ratiba yake ya mazoezi.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Sinah Goode na Richard Magill, walichapisha uchunguzi kuhusu wanawake waliokuwa wakijifunza aina tatu za kuanzisha mchezo wa mpira wa vinyoya. Baadhi yao walirudia aina moja kabla ya kugeukia nyingine. Wengine walichanganyiwa zote bila utaratibu. Idadi ya mipigo ilikuwa sawa. Walipojaribiwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliofaulu zaidi, hata walipohamishiwa upande wa uwanja wasiouzoea.

Kwa nini? Unaporudia pigo lile lile, ubongo hutumia tu amri iliyotolewa sekunde chache zilizopita. Ukibadilisha, hulazimika kuiunda amri hiyo upya kila mara, na kazi hiyo ndiyo huacha ustadi unaodumu. Katika mechi penalti ni moja tu; hakuna 29 za kuitangulia.

Tatizo ni kwamba mazoezi mchanganyiko huonekana ovyo siku yenyewe. Mipira hupotea, kocha hukasirika, na mzazi aliyelipa ada hunung'unika. Vumilia. Mpime mtoto baada ya siku kadhaa, si jioni ile ile.

Basi mwombe kocha achanganye: mkwaju, pasi ndefu, chenga, kisha mkwaju tena kutoka pembe nyingine. Hata hivyo, mtoto asiyejua bado aweke wapi mguu wa kusimamia, na arudie kwanza mpaka alipate pigo lenyewe. Kwa watoto wadogo tafiti hazijakubaliana, kwa hivyo usimlazimishe.

Jambo jingine, nikisema kama daktari: goti au kisigino cha mtoto anayekua huweza kuumia kwa kurudia pigo moja kupita kiasi. Akianza kuchechemea, usimsugue dawa na kumrudisha uwanjani. Mpumzishe, na maumivu yasipokwisha, mpeleke akaonwe.