Kumi na tano hizi, kumi na tano zile

Chukua watahiniwa wawili wa Kidato cha Sita, wote wa PCM. Wa kwanza kapata E tatu: Fizikia, Kemia na Hisabati. Wa pili kapata D ya Fizikia, D ya Hisabati na F ya Kemia. Kwa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, D ni pointi 4, E ni 5 na F ni 7, kwa hiyo kila mmoja ana pointi 15, Daraja la Tatu. Nyumbani kwa wa kwanza huenda furaha ikazidi, maana mtoto hana F hata moja. Lakini mwenye sifa ya kuomba shahada ni wa pili.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina hesabu yake, nayo inakwenda kinyume na ya Baraza: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu pointi. Sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo mawili yanayotakiwa na programu husika. D mbili zinafika. E mbili ni pointi 2. Hata ukijumlisha ya tatu, hazifiki.

Ndiyo maana sipendi kumwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Tano anataka divisheni gani. Namwuliza anataka kusomea nini, kisha tunarudi nyuma. Udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Uhandisi kwa kawaida husimama juu ya Fizikia na Hisabati. D ya Kemia haiwezi kuziba F ya Hisabati. Programu nyingi za uchumi na biashara humwangalia asiye na Hisabati ya juu hadi kwenye cheti chake cha Kidato cha Nne, kuona kama alifaulu Hisabati huko. Aliyeitupa Hisabati akiwa Kidato cha Pili kwa kujiambia kwamba yeye ni mtu wa sanaa, ndipo anapokutana nayo tena.

Hivyo basi mtihani wa kuingia chuo huanza siku ya kuchagua kombi, yaani tahasusi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Uchaguzi umepanuka, na kukosea pia kumekuwa rahisi zaidi. Kabla ya kuchagua, fungua mwongozo wa udahili wa TCU, utafute programu unayoitaka, usome safu ya sifa. Kufuata kombi ya rafiki ni kosa la zamani ambalo bado lina wateja.

Baada ya hapo muda ni mfupi kuliko unavyoonekana. Kidato cha Tano huanza Julai na mtihani huja Mei ya mwaka wa pili wake: haizidi miezi 22, likizo zikiwemo. Mada za Kidato cha Tano zinatoka kwenye mtihani sawasawa na za Sita, lakini wengi huzifunga mpaka moko, mtihani wa majaribio, iwashtue.

Mitihani iliyopita kila mtu anaifanya. Kinachosomwa na wachache ni taarifa za Baraza za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zipo bure kwenye tovuti yake. Zinapita swali kwa swali, zinaonyesha wangapi walishindwa na kwa nini, pamoja na vipande vya majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mwalimu wa tuisheni anakisia mtahini anataka nini. Humo mtahini anasema mwenyewe.

Jambo moja huwaponyoka hata wenye A: maombi. Baada ya mtihani wengi huenda kambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na matokeo hutoka kwa kawaida Julai. Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, una dirisha lake, na cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na wakala wa usajili: RITA kwa Bara, ZCSRA kwa Zanzibar. Uhakiki huo ufanywe mapema, mtoto akiwa bado Kidato cha Sita, na nyumbani abaki mtu mwenye nakala za vyeti vyote.