Maji Baridi Yenye Moto: Istilahi za Kiswahili na Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Katika pwani ya Bahari ya Hindi, wenyeji hutofautisha maji ya chumvi na maji matamu, na mahali pengine huyaona maji matamu yakichomoza mchangani bahari inapokupwa. Kiswahili kilipoingia bara kwa njia ya biashara, kikaota mizizi Ujiji na Rumonge, kilikwenda na msamiati huo wa bahari. Makala hii inaeleza jinsi msamiati huo unavyokwama mbele ya chemchemi na wanyama wa Ziwa Tanganyika, na kwa nini kukwama huko kuna gharama.

Chemchemi za chini ya ziwa

Istilahi iliyozoeleka katika vitabu vya sayansi na uvuvi kwa maji yasiyo ya chumvi ni "maji baridi". Ng'ambo ya mwambao wa Burundi, upande wa Kongo, istilahi hiyo inajipinga yenyewe. Mwaka 1987 ziligunduliwa chemchemi za maji moto chini ya ziwa katika sehemu mbili: Banza, kwenye rasi ya Ubwari, na Pemba, ambayo isichanganywe na kisiwa cha Zanzibar. Mwaka 1991 wapiga mbizi wa msafara ulioshirikisha Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi walizifuatilia hadi kina cha mita 46, wakapima joto la nyuzi 53 hadi 103 za Selsiasi. Huko Banza maji hayo hutokea katika mabomba ya chokaa yenye kimo cha hadi sentimita 70. Kwa istilahi iliyopo, mwalimu wa Rumonge analazimika kusema kwamba maji moto yanachemka ndani ya maji baridi. Mwanafunzi hawezi kulaumiwa akidhani neno "baridi" linahusu joto, ilhali linahusu chumvi.

Sura si nasaba

Mkanganyiko wa pili unawahusu wanyama. Mwaka 1880 Edgar Smith alieleza kisayansi konokono aitwaye Tiphobia horei, mwenye gamba lenye miiba mirefu kama la konokono wa baharini. Jina lake linamkumbuka Edward Hore, mmisionari na baharia aliyeishi Ujiji. Mwaka 1883 Richard Böhm alimwona yavuyavu ziwani, mnyama ambaye wengi walimjua kuwa wa baharini. J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mwaka 1896 na tena 1899, alihitimisha katika kitabu chake cha mwaka 1903 kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale.

Hoja hiyo haikudumu. Ziwa lilitokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na yavuyavu wa jamii hiyo alionekana pia katika Ziwa Viktoria. Kuhusu konokono, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kaa wa ziwa hili wana magando yenye nguvu ya kuvunja magamba. Kwa vizazi vingi, konokono wenye magamba manene ndio waliosalimika. Mapambano kama hayo hutokea baharini, na ndiyo maana sura zimefanana bila undugu wa karibu. Kwa hiyo kuwaita wanyama hawa "konokono wa baharini waliobaki ziwani" ni kurudia kosa la Moore kwa Kiswahili.

Kwa nini majina yana uzito

Katika sehemu ya kaskazini, oksijeni hufika takriban mita 100 tu, ingawa ziwa lina kina cha mita 1,470. Konokono, kaa na sponji wamebanwa katika ukanda mwembamba wa kando, ambao ndio unaopokea udongo kutoka milima iliyokatwa miti. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kuwa mahali palipofunikwa na tope, aina za wanyama hupungua. Mvuvi wa Rumonge anamjua mukeke na ndagala kwa jina; konokono aliye chini ya mtumbwi wake hutoweka akiwa ni "konokono" tu, na anayetoweka bila jina haulizwi.

Hitimisho

Chumvi, joto na nasaba ni mambo matatu, na kila moja linahitaji neno lake. Neno "maji matamu" lipo tayari, nalo lingeliacha neno "baridi" libaki kuwa la joto. "Chemchemi moto za chini ya ziwa" linaeleweka bila kamusi. Wanyama waitwe kwa makazi yao, kama vile "konokono-miiba wa Tanganyika". Mkataba wa kulisimamia ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na nchi nne, na katika tatu kati yake, Burundi, Tanzania na Kongo, Kiswahili husikika katika masoko ya samaki. Utekelezaji wake unahitaji maneno ambayo mvuvi na mtafiti watayaelewa kwa maana moja.